Omena Wanaponyeshewa: Soko la Kibuye na Swali la Hasara

Omena, yaani dagaa wa ziwani, hukaushwa juani, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na siku moja ya jua kali yatosha. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka, hubadilika rangi na harufu, na waliokusudiwa kwenda jikoni huishia kuuzwa kwa bei ya kutupa ili wasagwe kuwa chakula cha kuku. Mwanamke aliyewanunua alfajiri ufuoni, akitaraji kuwafikisha Kibuye Jumapili, siku ambayo soko hilo la Kisumu hujaa kuliko siku nyingine zote, amepoteza mtaji. Ikiwa mtaji wenyewe ulikuwa wa mkopo, deni halipungui hata shilingi. Utafiti wa uchumi wa Kiislamu umejaa maswali kuhusu benki: mkataba gani ni halali, nani akae kwenye bodi ya sharia, faida ihesabiwe vipi. Dai langu ni kwamba swali lililo kwenye mzizi wa fani hii liko chini ya hayo yote: hasara ikitokea, inamwangukia nani? Na mahali pazuri pa kuliuliza ni soko kama Kibuye, penye nafaka, mitumba, vitanda vya mafundi wa jua kali na samaki wa Ziwa Victoria.

Fani yenyewe ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria za biashara za Kiislamu zina zaidi ya miaka elfu moja, lakini uchumi wa Kiislamu kama elimu yenye jina lake ni zao la karne ya 20. Mwaka 1961 mwanachuoni wa Iraki, Muhammad Baqir al-Sadr, alichapisha kitabu chake Iqtisaduna. Mwaka 1963 Ahmad al-Najjar alifungua benki ya akiba katika mji mdogo wa Mit Ghamr, Misri, akiwalenga wakulima na mafundi wa vijijini. Dubai Islamic Bank na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu zikafuata 1975, na mwaka uliofuata wataalamu wakakutana Makka katika mkutano wao wa kwanza wa kimataifa. Walichoahidi kilikuwa kikubwa: mwenye pesa angekuwa mshirika wa mwenye kazi, wagawane faida na waumie pamoja hasara ikija. Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo sasa inaitwa Premier Bank, zilipofungua milango Kenya mwaka 2008, ahadi hiyo ilikuwa imekwisha fifia duniani kote. Mwaka 2009 Beng Soon Chong na Ming-Hua Liu walichapisha uchunguzi wao kuhusu Malaysia, wakaonyesha kwamba ni sehemu ndogo sana tu ya ufadhili wa Kiislamu nchini humo iliyokuwa ushirika wa kweli wa faida na hasara, na kwamba faida wanayolipwa wenye amana hufuata viwango vya riba vya benki za kawaida. Mwaka mmoja kabla yake, uchunguzi wa shirika la CGAP kuhusu huduma ndogo za fedha za Kiislamu ulikuta zaidi ya asilimia 70 ya bidhaa ni murabaha.

Murabaha ni mauzo yenye nyongeza inayojulikana. Tumchukue seremala wa Kibuye anayehitaji mbao za shilingi 40,000. Benki inazinunua mbao hizo, zinakuwa mali yake, kisha inamuuzia kwa shilingi 44,000 zitakazolipwa kwa miezi sita. Msomaji atasema hapohapo kwamba 4,000 ni riba iliyovishwa kanzu. Pingamizi hilo lina nguvu, na nisingependa kulipuuza, lakini halijamaliza jambo. Kwa muda ambao mbao ni mali ya benki, zikiungua au zikiibwa zimeungua na kuibwa za benki. Bei ikishakubaliwa haipandi tena hata seremala akichelewa, na faini ya kuchelewa, pale inapotozwa, kwa kawaida hupelekwa kwenye sadaka badala ya kuingia kwenye faida. Hizo ni tofauti za kweli. Udhaifu wa murabaha ni kwamba muda huo wa benki kumiliki mbao unaweza kufupishwa hadi ukabaki saini mbili katika dakika moja, na tangu seremala akabidhiwe mali, kitanda alichokitengeneza kisiponunuliwa hasara ni yake peke yake. Murabaha inamlinda mdaiwa dhidi ya deni linalozaana. Dhidi ya mvua haimlindi.

Ulinzi huo wa kwanza si mdogo, na anayetaka kuujua uzito wake aangalie mikopo ya simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, mkopaji alitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30, na malipo hayo yaliitwa ada. Siku 30 zikipita bila kulipa, mkopo uliongezewa muda na ada nyingine ya asilimia 7.5 ikajumlishwa. Wafasiri wa Kurani wanapoeleza riba iliyokuwa ikitozwa Arabuni kabla ya Uislamu, mara nyingi hueleza mfano wa namna hii: deni limefika wakati wake, mdai anampa mdaiwa hiari ya kulipa au kuongezewa muda pamoja na deni. Kurani inaelekeza kinyume chake, kwamba mdaiwa aliye taabani apewe muda mpaka apate wepesi, na kwamba kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Mchuuzi wa omena aliyenyeshewa ndiye mtu anayezungumziwa hapo. Kuita malipo yale ada hakubadilishi anachodaiwa, kama ambavyo kuita malipo mengine faida hakutoshi kuyafanya halali.

Watu wa pwani yetu walilijua hili zamani. Katika karne ya 19, Zanzibar na Oman, aliyehitaji fedha aliweza kuuza nyumba au shamba lake la karafuu kwa bei ya khiyari: anauza, anapokea fedha, anabaki na haki ya kuikomboa mali yake baada ya muda fulani, na wakati huohuo anaendelea kuitumia kwa kumlipa mnunuzi kodi. Kwenye karatasi palikuwa na mauzo na upangaji, vyote halali. Kiuchumi ulikuwa mkopo wenye rehani, na kodi ilifanya kazi ya riba. Fahad Bishara katika A Sea of Debt (2017) na Thomas McDow katika Buying Time (2018) wamezipekua hati hizi kwa makini, na vitabu vyao vinastahili kusomwa na kila anayeandaa mkataba wa benki ya Kiislamu leo. Sizitaji hati hizo kuwakebehi waliozitia saini. Ziliwawezesha watu kusafiri, kupanda karafuu na kufanya biashara hadi bara. Lakini zinathibitisha kwamba umbo la mkataba linaweza kutimia huku mzigo wote ukibaki kichwani mwa aliyekopa.

Sheria za Kiislamu za biashara, kabla hazijahamia kwenye ofisi za benki, zilihusu vitu ambavyo Kibuye inavijua kwa majina. Sura nzima ya Kurani inaanza kwa kuwalaani wapunjao vipimo. Mahindi na maharagwe ya Kibuye hupimwa kwa gorogoro, kopo la takriban kilo mbili, na kopo hilo likigongwa kitakoni kidogo tu, kila mteja anaondoka na pungufu asiloliona. Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume akipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka na kukuta unyevu. Mwenye mali alieleza kwamba mvua ndiyo iliyoilowesha, naye akaulizwa kwa nini asiuweke unyevu huo juu watu wakauona. Kisa hicho kinahusu mvua, na hukumu yake iko wazi: mvua haikuwa kosa la muuzaji, kosa lilikuwa kumhamishia mnunuzi hasara kwa siri. Ndiyo maana miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasib, msimamizi wa soko aliyekagua mizani na bidhaa. Utafiti juu ya vipimo na uwazi wa mali katika masoko yetu ungekuwa utafiti wa uchumi wa Kiislamu kwa maana yake ya asili, hata kama neno benki lisingetajwa.

Ziwa lina mifano mikubwa zaidi. Mafakihi wanapofundisha gharari, yaani uuzaji wa kisichojulikana, mfano wao wa kale ni samaki aliye bado majini. Katika biashara ya mbuta, yaani sangara, watafiti wa uvuvi wameeleza kwa miaka mingi jinsi mawakala wanavyowapa wavuvi nyavu, injini au fedha, na mvuvi akabaki amefungwa kumuuzia wakala huyohuyo kwa bei anayoitaja wakala. Pesa imetolewa mapema, samaki bado wako ziwani, na bei haijulikani. Sheria haikatazi malipo ya mapema. Watu wa Madina walikuwa wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya mavuno, na Mtume akayaruhusu malipo hayo kwa sharti kwamba kipimo, uzito na muda vijulikane. Huo ndio mkataba wa salamu, ambao mafakihi wengi wanataka fedha yake yote ilipwe papo hapo, na kwa hiyo bei itajwe. Kati ya tofauti za salamu na deni la nyavu, moja inamgusa mvuvi zaidi: bei kutajwa tangu siku ya kwanza. Kwa mvuvi wa ziwa hili, jambo hilo moja lina thamani kuliko kadi mpya ya benki.

Kuna pingamizi la kitaalamu ambalo husikika kila ushirika wa hasara unapotajwa: wafanyabiashara wadogo hawaweki hesabu, kwa hiyo benki haiwezi kujua faida yao, nao watadai hasara kila mwezi. Kwa duka lililotawanya bidhaa na madeni mtaa mzima, pingamizi hili ni la haki. Lakini mashua za ziwani zimekuwa zikilijibu bila kuulizwa. Mashua ikirudi, samaki wanapimwa ufuoni mbele ya macho ya wote, gharama za safari zinatolewa, kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye mashua na wavuvi kwa mafungu yanayotofautiana ufuo kwa ufuo. Hesabu inafungwa kila safari. Ikiwa nyavu zimerudi tupu, mvuvi amepoteza usiku wake na mwenye mashua amepoteza mapato ya chombo chake. Ibn Qudama, fakihi wa Kihanbali aliyefariki 1223, aliijadili hali hii hasa: mtu kumpa mvuvi nyavu ili wagawane samaki nusu kwa nusu. Alieleza kwamba kwa kauli moja samaki wote ni wa mvuvi na mwenye nyavu hupata kodi ya haki, na kwamba kwa kufuata yaliyopokewa kutoka kwa Ahmad bin Hanbal, ushirika huo unasihi. Suala la nyavu lilikuwa mezani miaka mia nane iliyopita. Benki zetu za Kiislamu, zilizo saa chache tu kutoka ziwani, zilipaswa kuwa zimeanzia hapo.

Wanawake wana sababu ya pekee ya kuutaka ushirika wa namna hiyo. Wengi wao hununua na kuuza samaki bila kumiliki chombo, na pale samaki wanapoadimika, baadhi wamelazimika kuingia katika uhusiano unaoitwa jaboya, ambapo mwili unakuwa sehemu ya bei. Katika ufuo wa Nduru, kundi la wanawake lilipata mashua zake kwa msaada wa wafadhili na kuwaajiri wanaume kuvua. Mnunuzi akawa mwenye chombo, na nguvu ya kujadiliana ikahama. Kisha mafuriko ya 2020 yakaufunika ufuo. Kisa hiki kinafundisha pande mbili za hoja yangu kwa pamoja: umiliki wa mtaji hubadilisha hadhi ya mtu, na mtaji usio na mwenza wa kubeba hasara unaweza kumezwa na maji.

Wengine watauliza Uislamu unahusu nini katika soko ambalo wauzaji wake wengi ni Wakristo. Waislamu wamo Kisumu tangu mji ulipoanza kukua baada ya reli kufika 1901, lakini ni wachache, na sidai kwamba Kibuye ni soko la Kiislamu. Nadai kwamba kanuni za soko hazina haja ya cheti cha dini. Nyoluoro, chama cha kuchangiana kwa zamu ambacho wanawake wa Kijaluo wamekiendesha miaka mingi, humpa kila mwanachama fungu lake bila nyongeza, kwa namna ambayo fakihi angeitambua mara moja kuwa ni kardhi, mkopo mwema. Huko Lahore, shirika la Akhuwat lililoanzishwa na Amjad Saqib mwaka 2001 linatoa mikopo isiyo na riba kupitia misikiti, makanisa na mahekalu. Timur Kuran, mkosoaji mkali kuliko wote wa fani hii, ameandika kwamba uchumi wa Kiislamu ulibuniwa karne ya 20 ili kulinda utambulisho zaidi ya kutatua matatizo ya uchumi. Kuhusu jina na nembo, hajakosea sana. Lakini kisa cha nafaka iliyolowa, masharti ya salamu na mjadala wa nyavu havikubuniwa karne ya 20, na ndivyo vinavyoigusa Kibuye.

Limebaki suala la mvua yenyewe. Imepokewa hadithi inayomkataza aliyeuza matunda kuchukua malipo iwapo janga limeyaangamiza kabla mnunuzi hajayavuna. Imamu Malik aliifanya kuwa sheria ya lazima pale hasara inapofikia theluthi. Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, aliliona punguzo hilo kuwa ni wema unaopendekezwa, na hasara akaiacha kwa mnunuzi aliyekwisha kabidhiwa. Hadithi inahusu matunda yaliyo mtini, na kuihamishia kwa omena walioko mchangani kunahitaji ijtihadi ya wanaojua. Kazi hiyo bado inawasubiri wanafunzi wa fikihi na wa uchumi wa vyuo vyetu. Waje Kibuye Jumapili inayofuata usiku wa mvua, wakae na wauzaji wa omena, na swali lao la kwanza liwe: samaki wa jana walioharibika wamelipwa na nani?