Mhitimu wa Fani Nyingine na Mitihani ya CPA: Aanzie Wapi

Dar es Salaam – Mhitimu wa chuo kikuu aliyesomea ualimu, jiografia au fani nyingine isiyo ya uhasibu anaweza kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, bila kurudi chuoni kusomea shahada nyingine ya kwanza. Bodi hiyo iliundwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 1972, na ndiyo inayosajili wahasibu na wakaguzi wa hesabu nchini.

Mitihani ya taaluma ina hatua tatu: ya awali, ya kati na ya mwisho. Mwenye shahada ya uhasibu huanzia hatua ya kati; aliyetoka fani nyingine huanzia ya awali. Wapo wanaoidharau hatua hiyo kwa kuwa tayari ni wasomi, na dharau hiyo ina gharama. Mitihani hufanyika Mei na Novemba, hivyo anayeshindwa husubiri nusu mwaka na kulipa ada upya.

Kinachomtatiza mgeni wa fani hii mara nyingi si kujumlisha na kutoa, bali namna ya kufikiri. Chukulia muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, aliyepokea mzigo wa shilingi 3,000,000 kwa mali kauli. Ameuza sehemu ya mzigo huo, iliyomgharimu shilingi 1,200,000, kwa shilingi 1,800,000 taslimu. Anayetazama droo atasema faida ni 1,800,000. Anayetazama deni atasema mfanyabiashara huyu amepata hasara. Wote wamekosea. Faida ni shilingi 600,000, kabla ya kodi ya pango na gharama nyingine. Mizania inathibitisha: fedha taslimu 1,800,000 na vitenge vilivyobaki vya 1,800,000 ni mali ya 3,600,000, ukiondoa deni la 3,000,000, zinabaki 600,000.

Mtahiniwa asiyeweza kueleza hesabu hiyo bila kutazama kitabu bado hajawa tayari, hata akiwa amekariri fasili zote. Ni vyema aanze na kanuni ya kuingiza kila muamala pande mbili, kisha urari, ndipo aguse mada nyingine. Baada ya hapo ajibu mitihani iliyopita kwa kalamu na saa mezani, kwani kusoma majibu ya mwingine hudanganya.

Asiyetaka kujisomea peke yake anaweza kusoma stashahada ya uzamili ya uhasibu, inayotolewa na vyuo kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, katikati ya jiji. Wafanyakazi wengi huchagua madarasa ya jioni. Kabla ya kulipa ada ya darasa lolote, mtahiniwa aulize NBAA, yenye ofisi Mhasibu House, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, iwapo kituo hicho kinatambuliwa, na apeleke vyeti vyake ili athibitishiwe hatua anayostahili kuanzia.