Nyumba inapokwenda tamashani: boti nyembamba za Little Venice

Mwanzoni mwa Mei, Uingereza ikiwa na mapumziko ya siku tatu, boti nyembamba zilizopambwa kwa bendera hukusanyika Little Venice, London, pale mfereji wa Regent's unapokutana na tawi la Paddington la mfereji wa Grand Union. Tamasha hilo, Canalway Cavalcade, lilianza mwaka 1983 na huandaliwa na chama cha Inland Waterways Association. Watazamaji hurudi makwao jioni. Baadhi ya wenye boti hulala palepale, kwa kuwa boti ndiyo makazi yao.

Umbo la makazi hayo liliamuliwa na wajenzi wa karne ya 18. Malango ya maji, yanayopandisha na kushusha boti, yalijengwa katika mifereji mingi yakiwa na upana wa futi 7 tu, yaani kama mita 2.1. Hivyo boti ni nyembamba mno, ingawa urefu wake waweza kufika mita 22. Ndani huwa na kitanda, choo, jiko la kuni au makaa, na betri zinazochajiwa na injini au paneli za jua.

Kuishi majini kulianza kwa shida. Reli zilipopunguza mapato ya mifereji katika karne ya 19, wachukuzi wengi wa mizigo walihamishia familia zao katika chumba cha nyuma chenye urefu wa kama mita 3, wake na watoto wakawa mabaharia bila mshahara. Maua ya waridi na ngome zilizochorwa kwenye milango yao bado ni pambo la boti za leo.

Matamasha nayo yalizaliwa na harakati. Tom Rolt, aliyehamia boti yake Cressy mwaka 1939, aliandika kitabu *Narrow Boat*, kilichotoka mwaka 1944. Msomaji wake mmoja, Robert Aickman, alimtembelea, na mwaka 1946 wakashiriki kuunda Inland Waterways Association, chama kilichopinga mifereji kuachwa ifukiwe. Agosti 1950 chama hicho kilikusanya boti zaidi ya 100 katika mji wa Market Harborough, kuthibitisha kwamba mifereji bado ina wenyewe. Rolt na Aickman walikuwa wamekwisha kugombana kuhusu mkutano huohuo.

Kwa anayeishi botini, kuhudhuria huanza na hesabu ya njia. Kutoka kijiji cha Braunston hadi Little Venice ni takriban kilomita 160 na malango yapatayo 90, mengi yakifunguliwa kwa nguvu za mikono. Kwa kuwa mwendo haupaswi kuzidi kilomita 6.4 kwa saa, safari huchukua karibu wiki nzima. Asiye na maegesho ya kudumu hulazimika pia kuendelea kuhama: sheria ya mwaka 1995 haimruhusu kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14, isipokuwa kuna sababu ya msingi.

Nafasi ya tamashani huombwa mapema. Kabla ya kufika, tangi la maji hujazwa na choo humwagwa kwenye kituo maalumu, maana kupata huduma hizo katikati ya msongamano si rahisi. Boti hufungwa ubavu kwa ubavu, na wa nje hupita juu ya boti ya jirani ili afike nchi kavu. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi injini na jenereta huzimwa.

Mchana kuna gwaride la boti, muziki, na mashindano ya kugeuza boti ndefu katika bwawa dogo mbele ya umati. Boti za biashara huuza makaa, dizeli na gesi. Usiku mmoja hupita msafara wa boti zilizowashwa taa.

Madai ya 1950 hayajaisha. Taasisi ya Canal & River Trust, inayotunza kilomita 3,200 za njia za maji tangu 2012, iliambiwa mwaka 2023 kwamba ruzuku yake ya serikali itapunguzwa kuanzia 2027. Tangu Aprili 2024 wasio na maegesho ya kudumu hulipa nyongeza ya ada ya leseni ya boti, hatua inayopingwa na wengi wao. Ndiyo maana, kando ya vibanda vya chakula na michezo ya watoto, vyama vya wenye boti huendelea kueleza wageni gharama ya kutunza mifereji na kutafuta wanachama wapya.