Kipa ambaye hakukosa mechi hata moja, hadi TB ilipomwangusha

Misigiri, Iramba. Hapa ndipo barabara ya Singida kwenda Nzega inapokutana na ile ya Kiomboi. Dereva wa lori, mchimbaji anayeelekea Sekenke na kijana wa kijiweni wote wanajua mpira wa miguu. Hoki inayochezwa juu ya barafu wengi hawajaiona. Hata hivyo, maisha ya kipa mmoja wa mchezo huo yana funzo kwa familia nyingi za hapa.

Aliitwa Georges Vézina. Alizaliwa Januari 21, 1887 katika mji wa Chicoutimi, Quebec, nchini Canada. Mwaka 1910 alijiunga na timu ya kulipwa ya Montreal Canadiens. Enzi hizo makipa walisimama langoni uso wazi, bila barakoa, huku kisahani kigumu cha mpira kikiwajia kwa kasi. Utulivu wake ulimpa jina la utani la "Tango la Chicoutimi".

Kwa miaka 15 Vézina hakukosa mechi. Alicheza zaidi ya mechi 360 mfululizo na kutwaa Kombe la Stanley mwaka 1916 na 1924. Mwanawe aliyezaliwa mwaka ule wa kombe la kwanza alipewa jina la Marcel Stanley.

Mwaka 1925 mwili ulianza kumsaliti. Alipungua uzito sana katika muda wa wiki chache, lakini alikuwa mtu mkimya, asiyelalamika. Novemba 28, 1925 aliingia langoni akiwa na homa ya nyuzi joto 39 hivi. Baada ya kipindi cha kwanza alitapika damu. Alirudi uwanjani kipindi cha pili, akaanguka. Madaktari wakagundua kifua kikuu. Alirudi kwao Chicoutimi, na Machi 27, 1926 akafariki akiwa na miaka 39, akiacha mke na watoto wawili wa kiume.

Hakukuwa na dawa

Robert Koch alikuwa ameshamtambua bakteria wa TB tangu mwaka 1882, lakini dawa ya kumuua ilikuwa bado. Streptomycin, antibaotiki ya kwanza kuutibu ugonjwa huu, iligunduliwa mwaka 1943. Wakati wa Vézina mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri na apate hewa safi. Hata hapa kwetu, Kibong'oto mkoani Kilimanjaro ilianzishwa mwaka huohuo wa 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu.

Leo TB inatibika na kupona kabisa. Mgonjwa wa kawaida hutumia dawa kwa miezi 6: aina 4 kwa miezi 2 ya kwanza, kisha aina 2 kwa miezi 4. Katika vituo vya serikali vipimo na dawa ni bure.

Dalili ambazo nyumba huziona kwanza

Baba anayesema "nipo sawa, ngoja nikatafute riziki" anafanana na Vézina. Mara nyingi wanaoona mabadiliko mapema ni wa nyumbani: mkanda wa suruali unaongezwa tundu, shuka linaloa jasho usiku, chakula kinabaki kwenye sahani. Ongeza kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, maumivu ya kifua au makohozi yenye damu. Kwa anayeishi na VVU, kikohozi chochote kinatosha kwenda kupima bila kusubiri wiki 2. Wachimbaji nao wawe macho zaidi, kwa kuwa vumbi la miamba huharibu mapafu na kuipa TB nafasi.

Ukiona hayo, usianze kumtafuta mchawi, wala usiishie kununua dawa ya kikohozi dukani. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya akapimwe makohozi. Akikutwa na TB, wote mnaoishi naye mchunguzwe, hasa watoto wa chini ya miaka 5. Madirisha yafunguliwe, hewa ipite.

Na akianza dawa, msimamie. Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache, wakaacha. Hapo ndipo vimelea hujenga usugu, na matibabu huwa magumu zaidi.

Tangu mwaka 1927 kipa bora wa ligi ya hoki ya Amerika Kaskazini hupewa tuzo yenye jina la Vézina. Ni heshima kubwa, lakini wanawe walikua bila baba. Mgonjwa wa leo ana dawa ambazo yeye hakuzipata. Mhimize mzee wa nyumba apumzike siku moja, akapime.