Tairi la Misimu Yote na Misimu Yetu Miwili

Asubuhi moja ya masika tulisimamisha gari dogo katika barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, pale inaponyooka kukatiza kinamasi cha Lwera. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na maji yalikuwa yametuama pembezoni mwa lami. Dereva alikuwa mzee mwenye heshima zake, akiwarudisha nyumbani wajukuu wake watatu. Hati zake zilikuwa kamili na mikanda imefungwa. Mwenzetu alipoinama kuyatazama matairi, alimwuliza ni ya aina gani.

"Ni ya misimu yote, afande," alijibu kwa fahari. "Ya Japani yenyewe. Yalikuja na gari."

Hakuwa akisema uongo; alikuwa akirudia alichoambiwa na aliyemwuzia gari. Lakini ubavuni mwa tairi palikuwa na alama ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Chini yake palikuwa na neno STUDLESS. Hilo lilikuwa tairi la majira ya baridi kali, lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za barafu. Theluji yetu iko kileleni Rwenzori, na huko hakuna gari lipandalo.

Tumekutana na kosa hili mara nyingi kiasi kwamba tumeona ni vema kulieleza kwa kirefu. Magari mengi ya mitumba yaingiayo nchini hutoka Japani, nchi ambayo baadhi ya mikoa yake hufunikwa na theluji kila mwaka. Gari likiuzwa wakati wa baridi, huja na matairi ya baridi. Mnunuzi huona mpira mweusi wenye mifereji mingi, akaridhika.

Tofauti ya matairi haya imo katika mpira wenyewe. Mpira hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Tairi la majira ya joto hupoteza ulaini wake, na hivyo uwezo wake wa kushika barabara, joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Tairi la baridi hutengenezwa kwa mpira laini ubakiao mnyumbufu hata kwenye barafu, na uso wake hukatwa mikato mingi myembamba kama ya wembe ili uing'ang'anie theluji. Tairi la misimu yote liko katikati ya hayo mawili. Lilipata jina hilo Marekani, ambako kampuni ya Goodyear ilianza kuuza tairi lake la Tiempo mwaka 1977, kwa madereva waliochoka kubadilisha matairi kila baridi inapoingia na kutoka. Ni mapatano: halishiki barafu kama tairi la baridi, wala halishiki lami yenye joto kama tairi la majira ya joto, lakini humfaa mtu ambaye baridi yake si kali.

Misimu iliyokusudiwa katika jina hilo, basi, ni ile minne ya huko. Sisi tunayo miwili, mvua na kiangazi, na hata Kabale alfajiri, penye baridi ituumizayo mikono, lami haigandi. Kwa hali yetu tairi la misimu yote latosha, na la majira ya joto lafaa vilevile. Lisilofaa ni lile la baridi. Juu ya lami yetu yenye joto mpira wake laini hujikunja-kunja, huisha upesi, na gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, iwe barabara ni kavu au imelowa. Herufi M+S, ambazo wengi huzitegemea, ni tamko la mtengenezaji kwamba mifereji ya tairi ina umbo la kusaidia kwenye matope na theluji. Hazithibitishi kwamba tairi limejaribiwa. Alama ya mlima na chembe ya theluji ndiyo hutolewa baada ya jaribio, nalo ni jaribio la kwenye theluji.

Turudi Lwera, kwenye maji. Eneo la kila tairi linalogusa barabara halizidi sana kiganja cha mkono wa mtu mzima. Viganja vinne ndivyo vinavyoshikilia gari zima pamoja na waliomo. Barabara inapolowa, kazi ya mifereji ni kuyaondoa maji chini ya kiganja hicho kabla mpira haujafika. Mwendo ukizidi uwezo wa mifereji, maji hujikusanya mbele ya tairi, hulinyanyua, na gari huelea. Usukani huwa mwepesi ghafla mkononi na breki hazina la kufanya.

Wataalamu wa NASA, walipokuwa wakichunguza matairi ya ndege, waligundua kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea hutegemea sana upepo uliomo. Kwa kanuni yao, maji yakiwa mengi kuliko kina cha mifereji, tairi lenye paundi 32 huelea kwenye kilomita 94 kwa saa hivi; likiwa na paundi 20, huelea kwenye kilomita 75. Gari la abiria si ndege, na tairi lililoisha laweza kuelea mapema zaidi, lakini funzo la upepo ni lile lile: anayeahirisha kujaza upepo hupunguza mwendo ulio salama kwake bila kujua.

Kina cha mifereji nacho hupimika kwa macho. Ndani ya mifereji mikuu mna vinundu vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha, na nchi nyingi zimekiweka kipimo hicho kuwa ukomo wa kisheria. Sisi tunamshauri dereva asisubiri hapo. Chini ya milimita 3 uwezo wa kufukuza maji huwa umepungua sana, ingawa tairi bado laonekana zima.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi yastahili tahadhari ya pekee. Vumbi, mafuta na chembe za mpira zilizojilimbikiza kwa miezi huchanganyika na manyunyu zikawa utelezi, na hakuna tairi liuondoao. Barabara za udongo mwekundu ni vivyo hivyo: mifereji ya tairi la kawaida hujaa tope kwa mizunguko michache tu, na kuanzia hapo unaendesha kipara, hata kama tairi umelinunua jana.

Kiangazi kina hatari yake, nayo hueleweka vibaya. Madereva wengi wakiona tairi limepata joto safarini huliachia upepo wakidhani linataka kupasuka. Tunawasihi waache. Upepo hupanda kwa joto, kadiri ya paundi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6, na mtengenezaji ameshalihesabu hilo. Kinachopasua matairi mengi ni upungufu wa upepo: kuta za tairi hujikunja kwa kila mzunguko, kujikunja huzaa joto, na joto hutenganisha tabaka za ndani, hasa gari likiwa limezidishiwa mzigo. Pima asubuhi, kabla ya kuondoka, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Na namba nne za mwisho ubavuni zisomwe pia: 2219, kwa mfano, ni juma la 22 la mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisizidi miaka 10, hata kama halijatumika.

Mzee wetu tulimruhusu aendelee kwa mwendo wa taratibu, baada ya kuongezewa upepo, maana kipimio kilionyesha paundi 21 katika tairi moja la nyuma. Wiki iliyofuata alikuja kituoni na matairi mawili mapya garini, akisema fedha ya manne bado. Alitaka tumpe shauri moja tu: fundi anataka kuyafunga mbele, kwenye usukani, je, ni sawa?

Tulimwambia ayafunge nyuma. Matairi ya mbele yakiteleza, gari huelekea kwenda moja kwa moja, na dereva huliona hilo akapunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka lenyewe, na ni wachache wawezao kulirudisha. Fundi alibisha kwa muda mrefu, kisha akayafunga nyuma.