Kijipicha na bei vikae mstari mmoja

Mfanyabiashara wa Kanga, kisiwani Mafia, anapoandaa orodha ya nazi, korosho na pweza kwa wanunuzi wa Dar es Salaam, hupenda kuweka kijipicha kando ya kila bei. Hapo ndipo tatizo huanza. Kompyuta huihesabu picha hiyo kama herufi: huisimamisha juu, mistari ikaachana, na bei ya korosho ikadhaniwa ya nazi.

Dawa ni rahisi. Maandishi ya ukubwa wa 12 yana kimo cha milimita 4 hivi, basi punguza picha ifikie milimita 5. Katika LibreOffice Writer, programu isiyouzwa, bofya picha kwa kitufe cha kulia, ifunge kama herufi, kisha iweke katikati ya mstari. Utaokoa karatasi na ugomvi wa bei.