Arubuni, Malipo ya Awali na Ruzuku

Katika nyaraka za ununuzi wa nyumba huko Marekani, twawasihi wafasiri wazitenge istilahi hizi. Arubuni ni fedha ya kuthibitisha nia ya kununua. Malipo ya awali ni sehemu ya bei isiyotokana na mkopo wa rehani; kwa mikopo yenye bima ya serikali ya shirikisho, yaweza kuwa asilimia 3.5. Msaada wa malipo hayo huwa ruzuku au mkopo: kuuita mkopo ruzuku ni kumtwisha msomaji deni asilolijua. Aidha, "mnunuzi wa mara ya kwanza", katika mipango mingi, ni yeyote ambaye hakumiliki nyumba kwa miaka 3 iliyopita. Tusipoyaeleza hayo, aliyeuza nyumba yake zamani atajiona hastahili, kumbe anastahili.