Je, Kipimo cha Akili Hupima Akili?

Mwanafunzi anayetaka kujua urefu wa meza huchukua rula, wala hakuna amwulizaye kama rula ile hupima urefu au kitu kingine. Katika saikolojia mambo si mepesi hivyo. Akili haionekani kwa macho wala haishikiki kwa mkono. Mtafiti hana budi kuikisia kutokana na matendo ya mtu, kama vile majibu anayotoa au picha anazochora. Kwa sababu hiyo kila jaribio la saikolojia hukabiliwa na swali hili: je, kinachopimwa ndicho kinachodaiwa kupimwa? Sifa ya kipimo kupima kile kilichokusudiwa huitwa uhalali.

Uthabiti na uhalali

Uhalali usichanganywe na uthabiti. Muuza mchele anayetumia pishi iliyobonyea hupata kipimo kile kile kila mara, lakini kila mara huwa pungufu. Pishi yake ina uthabiti, haina uhalali. Vivyo hivyo, mtoto anaweza kupata alama ile ile ya chini kila apewapo mtihani fulani, na bado alama hiyo isiwe habari ya akili yake. Huenda inaeleza tu kwamba lugha ya mtihani ni ngeni kwake, au kwamba hajazoea vifaa anavyopewa.

Kalamu, waya na udongo

Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba watoto wa Kiafrika ni dhaifu katika kutambua na kunakili maumbo. Mwanasaikolojia Robert Serpell alilichunguza dai hilo kwa kuwalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza, akachapisha matokeo yake mwaka 1979. Watoto hao walinakili maumbo kwa njia mbalimbali, zikiwamo kuchora kwa kalamu, kukunja waya na kufinyanga udongo.

Kwa kalamu, watoto wa Manchester walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, watoto wa Lusaka, ambako kuunda vigari vya waya ni mchezo wa kawaida, waliwashinda wenzao. Kwa udongo, makundi hayo mawili hayakupishana. Kama Serpell angalitumia kalamu peke yake, dai la zamani lingalionekana kuthibitishwa. Kama angalitumia waya peke yake, watoto wa Kiingereza ndio wangaliitwa dhaifu. Tofauti haikuwa ya uwezo wa jumla wa kutambua maumbo, bali ya mazoea ya mikono na vifaa.

Utafiti wa Bagamoyo

Mfano wa pili unatoka Tanzania. Mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha utafiti uliofanywa katika shule za karibu na Bagamoyo. Watoto walipewa mitihani ya kufikiri, ukiwamo mchezo wa kukitambua kitu kwa kuuliza maswali yasiyozidi ishirini. Kisha wakafundishwa mbinu, kwa mfano jinsi swali moja linavyoweza kuondoa nusu ya majibu yanayowezekana. Mafunzo hayo hayakufika saa moja. Baadaye wakapimwa tena.

Hapa msomaji makini atauliza: je, mtu akirudia mtihani, hawezi kupata alama zaidi kwa kuuzoea tu? Swali hilo ni la haki, na ndiyo maana lilikuwapo kundi linganishi, yaani watoto waliopimwa mara mbili bila kufundishwa. Ilionekana kwamba waliofundishwa walipanda. Zaidi ya hayo, miongoni mwao alama za kwanza zilihusiana kidogo tu na alama za pili. Aliyekuwa nyuma kabla ya mafunzo hakuwa lazima awe nyuma baada yake. Basi mtihani wa kwanza haukuwa umefika kwenye kikomo cha uwezo wa watoto hao.

Somo kwa darasa

Haya yote hayamaanishi kwamba vipimo havina faida, wala kwamba watu wote ni sawa katika kila jambo. Yanamaanisha kwamba alama ni ushahidi unaohitaji kuhojiwa kabla mtoto hajaitwa mzito wa akili. Mwalimu na wanafunzi wake wanapokutana na dai lolote kuhusu akili au tabia, na waulize: Ni nini hasa kilichopimwa? Je, wote waliopimwa walivifahamu vifaa na lugha kwa kiasi kimoja? Na je, lilikuwapo kundi linganishi?

Darasa linaweza pia kujaribu lenyewe, kwa mfano kuchunguza kama kuimba orodha ya maneno husaidia kuikumbuka. Wanafunzi wagawanywe kwa kura katika makundi mawili, moja liimbe na jingine lisome kimya kwa muda ule ule. Wasiachwe kuchagua kundi wenyewe, kwa maana wapenda kuimba wakijikusanya upande mmoja, haitajulikana kama matokeo yameletwa na wimbo au na waimbaji.